Mchezo wa Kuimba na Faida Yake kwa Watoto wa Shule

Mtu asafiriye kutoka Embu kwenda Meru, akiisha kupita Runyenjes, hupanda kilima na kushuka bonde mpaka afike mto Thuci. Upande huu wa mto ni Embu, na ng'ambo ni Chuka. Pande zote mbili zimejaa migomba na mashamba ya kahawa. Katika muhula wa pili, wakati kahawa ya mapema inapoiva, msafiri akisimama karibu na shule ya msingi husikia ngoma ikilia na watoto wakiimba. Ndipo mara nyingi hutokea mzee mmoja kando ya barabara akasema, "Hao wanacheza badala ya kusoma."

Neno hilo ni la siku nyingi, wala halifai kudharauliwa. Lasemwa na wazazi waliouza kahawa yao, na pengine ng'ombe wao, ili mtoto apate daftari na sare. Mzazi wa namna hiyo ana haki ya kuuliza mtoto anapata nini katika saa anazotumia kuimba. Yafaa ajibiwe, tena si kwa sifa tupu za muziki, bali kwa mambo yanayoonekana.

Kwanza yapasa kukumbuka kwamba jambo lenyewe si geni. Kabla ya shule kujengwa, watu wa Embu na Mbeere, wa Chuka na Tharaka, na Wameru wote, waliwafundisha watoto wao kwa hadithi, vitendawili, nyimbo na ngoma. Mtoto alijifunza jina la mnyama, adabu ya mkubwa na aibu ya mvivu kwa kuimba. Wapiga ngoma wa Chuka wamepata sifa katika nchi nzima ya Kenya. Hubana ngoma ndefu katikati ya mapaja, ikielekea mbele, huku wakicheza na kupiga kwa pamoja kama mtu mmoja. Shule za misheni zilipoingia, wamisheni wengi waliona ngoma kuwa ni mambo ya giza, wakawakataza Wakristo. Hivyo kwa muda mrefu mtoto alikuwa na mafundisho mawili yasiyokutana: moja la kitabu, na moja la uwanjani.

Baadaye mafundisho hayo yalianza kukutana. Sherehe za Muziki za Kenya zilianzishwa mwaka 1927, na mwanzoni zilikuwa za Wazungu na nyimbo zao. Lakini miaka ilivyopita, shule za Waafrika ziliingia, na nyimbo za makabila zikapata mahali pake. Mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule yalianza mwaka 1959. Hata kabla ya hapo, Henry Kuria, mwanafunzi wa Alliance High School huko Kikuyu, alitunga mchezo wa Kiswahili uitwao Nakupenda Lakini, nao ulichezwa mwaka 1954 na kuchapishwa mwaka 1957. Mwaka huo huo wa 1957 ilitoka michezo miwili ya Kiswahili ya Graham Hyslop, Mgeni Karibu na Afadhali Mchawi. Bwana Hyslop huyo, pamoja na George Senoga-Zake na wenzao watatu, ndio waliotengeneza Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963. Na sauti ya wimbo huo waliitoa wapi? Waliitoa katika wimbo wa Wapokomo, ambao mama huuimba akimbembeleza mtoto wake alale. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba wimbo wa mtoto ni jambo dogo.

Lakini sifa za zamani hazimtoshi mzazi wa leo. Huyo afaa aelezwe habari ya shule moja iliyo upande wa Embu, karibu na mto Thuci, na ya mwalimu mmoja aliyefundisha Kiswahili hapo. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke wa makamo, wala hakuwa fundi wa muziki. Alijua kiasi alichofunzwa chuoni tu. Wakati ule ulikuwa wa miaka ya mwisho ya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani ulipima Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Dini. Muziki haukuwamo.

Mwalimu alitaka watoto wacheze mchezo wa kuimba mbele ya wazazi wao. Hakutafuta mchezo uliokwisha andikwa na mtu mwingine. Aliwauliza watoto wa darasa la sita na la saba, "Ni jambo gani linalowagombanisha watu wa kwenu?" Mmoja akasema mipaka ya mashamba. Mwingine akasema mbuzi wanaokula mahindi ya jirani. Lakini wengi wakasema maji. Basi mchezo ukawa wa maji.

Habari yake ilikuwa hivi. Watu waliokaa juu waliuziba mfereji wakati wa kiangazi, na watu waliokaa chini wakakosa maji. Wazee wa pande mbili wakakutana, wakatukanana, wakaachana bila shauri. Ndipo mtoto wa kike wa upande wa chini akapanda usiku na kibuyu chake, akaketi kando ya mfereji mkavu, akaimba peke yake habari ya ndugu yake mdogo aliyelia kwa kiu. Mama mmoja wa juu akaamka kwa sauti ile, akatoka na jembe, akaufungua mfereji. Maneno ya mchezo yalikuwa ya Kiswahili. Nyimbo zilikuwa za Kiembu na za Kichuka, maana shuleni walikuwapo watoto wa ng'ambo waliovuka daraja kila asubuhi.

Watoto arobaini walipata kazi. Wasiojua kuimba hawakufukuzwa. Wengine walikata migomba na kuisimamisha iwe msitu. Wengine walishona vipande vya sare kuukuu za buluu, vikawa kitambaa kirefu. Watoto wanne wakakishika huku na huku na kukitikisa, nacho kikawa maji. Mtoto mmoja hodari wa hesabu alipewa saa ya mwalimu, ahesabu dakika za kila sehemu.

Ngoma ilipewa kijana wa darasa la saba, mrefu na mwenye nguvu, aliyefundishwa kupiga na babu yake wa Chuka. Hapana shaka alikuwa fundi kuliko wote. Lakini hapo ndipo shida mbili zilipoanza.

Shida ya kwanza ilikuwa kahawa. Mazoezi yalifanywa saa kumi jioni, na saa hiyo baba yake alimtaka kiwandani. Mkulima ye yote wa kahawa ajua sababu. Kahawa ikichumwa asubuhi lazima ifikishwe kiwandani siku ile ile, ichambuliwe, mbivu zitengwe na mbichi, kabla haijapimwa na kumenywa. Baba alikuwa peke yake na mikono miwili tu. Kijana akaacha kufika mazoezini, na michezo yote ikayumba.

Mwalimu hakuandika barua wala hakumwita baba shuleni. Siku moja jioni alimfuata kiwandani, akamkuta ameketi juu ya gunia pamoja na mwanawe, mbele ya rundo la kahawa. Naye akaketi, akaanza kuchambua. Walipokwisha kusalimiana, mwalimu akaeleza haja yake.

Baba akasema, "Mwalimu, kahawa haingoji wimbo. Ikilala, inachacha, na bei yake inaanguka."

"Ni kweli, Mzee," mwalimu akajibu. "Basi wimbo ndio utakaoingoja kahawa." Akaahidi kwamba tangu siku ile mazoezi yatakuwa saa ya chakula cha mchana, wala si jioni.

Baba akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililokuwa moyoni mwake. "Na huo muziki, katika mtihani una alama ngapi?"

"Hauna hata moja, Mzee."

"Sasa una nini?"

Mwalimu akasema, "Siku ya wazazi uje utazame. Usipoona kitu, mwakani nisikuombe mtoto tena."

Shida ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kijana mwenyewe. Alipiga ngoma kwa nguvu zake zote tangu mwanzo mpaka mwisho. Watoto wadogo walimshangilia, naye akazidi. Lakini ilipofika zamu ya yule msichana kuimba kando ya mfereji, sauti yake ilimezwa, lisisikike hata neno moja. Mwalimu alimwonya mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu kijana akakasirika, akaiweka ngoma chini, akasema kwamba kama ngoma haitakiwi, atakwenda zake.

Hapo mwalimu angeweza kumpiga au kumwondoa. Hakufanya hivyo. Alimpa kijana mwingine ngoma, akamwambia apige vile vile kwa nguvu. Kisha akamchukua fundi wetu mpaka mwisho wa uwanja wa mpira, mahali ambapo wazazi wa nyuma wangesimama, akamwambia, "Sikiliza. Yule msichana anasema nini?"

Kijana akasikiliza sana. Mwishowe akasema, "Sisikii, Mwalimu. Nasikia ngoma tu."

"Basi na mama wa juu hakusikia," mwalimu akasema. "Na mfereji haukufunguliwa."

Tangu siku ile kijana alianza kujifunza jambo ambalo babu yake alilijua lakini yeye hakuwa amelishika, kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya kupiga. Wimbo wa msichana ulikuwa na mistari kumi na sita. Ilimpasa kuweka viganja vyake juu ya ngozi, ahesabu mistari yote moyoni, kisha aingie kwa pigo moja wakati jembe linapogonga ardhi. Akiwahi, aliharibu wimbo. Akichelewa, jembe lilionekana la kuchezea tu. Alikosea siku nyingi. Hatimaye akaweza.

Siku ya wazazi ilipofika, baba alichelewa, kwa kuwa siku ile alikuwa na kahawa nyingi. Alipokaribia lango la shule alisikia watu wamekaa kimya, na ngoma hailii. Alidhani mwanawe ameondolewa katika mchezo, na mahali pake amepewa mtoto wa mtu mwingine. Akajipenyeza katikati ya watu kwa hasira, nguo zake zikiwa bado na madoa ya kahawa, mpaka akafika mbele.

Hapo akamwona mwanawe. Alikuwa ameketi nyuma ya ngoma, mgongo umenyooka, viganja vimelala juu ya ngozi, macho yamemtazama msichana aliyekuwa akiimba kwa sauti nyembamba karibu na kitambaa cha buluu kilicholala chini bila kutikisika. Midomo ya kijana ilikuwa ikihesabu. Baba akasimama. Msichana akamaliza, mama wa juu akainua jembe, na lilipogonga chini, ngoma ikalia mara moja kama mwamba uliopasuka, na watoto wanne wakayatikisa maji. Watu wakapiga vigelegele.

Jioni, baba alimwendea mwalimu. Hakusema mengi. Alisema, "Nimemwona akingoja. Nyumbani hajui kungoja."

Msomaji asidhani kwamba habari hii iliishia kwa kikombe cha fedha. Wimbo wa maji pamoja na ngoma yake ulipelekwa kwenye Sherehe za Muziki. Mashindano hayo huanza chini, katika eneo dogo, kisha hupanda ngazi kwa ngazi mpaka yale ya nchi nzima. Shule hii haikupita ngazi ya kwanza. Waamuzi walisema kwamba wimbo umezidi muda uliowekwa. Watoto walilia njiani. Mtoto mwenye saa akakiri kwamba aliona dakika zikipita, lakini aliogopa kuwakatiza wenzake. Mwalimu naye akawaambia mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa lake, maana aliongeza ubeti siku za mwisho bila kupima. Huenda somo hilo lilikuwa kubwa kuliko kikombe. Watoto walimsikia mtu mzima akilitaja kosa lake kwa jina, wala mbingu hazikuanguka.

Sasa ni rahisi kuhesabu faida. Kwanza, mtoto hujifunza kusema. Wako vijana wengi wanaojua kujibu karatasi, lakini wakisimama mbele ya baraza au mbele ya karani wa ofisi, ulimi huwa mzito. Yule aliyesema maneno yake mbele ya kijiji kizima hataogopa dirisha la ofisi. Pili, hujifunza Kiswahili kilicho hai, kwa kuwa neno la mchezo lazima litamkwe sawasawa, la sivyo watu hucheka mahali pasipostahili kucheka. Tatu, hujifunza hesabu kwa mwili wake, maana wimbo ni kuhesabu, na anayekosa kuhesabu huonekana mara moja. Nne, hujifunza kazi ya wengi. Aliyetikisa maji hakusikika hata kidogo, lakini bila yeye mfereji ungebaki mkavu. Tano, watoto wa pande mbili za mto huimbiana nyimbo za kwao, na mtu aliyeuimba wimbo wa jirani hamtukani kwa urahisi. Na zaidi ya hayo yote, mwenye nguvu hujifunza kuzizuia nguvu zake ili mnyonge asikike. Hilo halimo katika mtihani wo wote, nalo hutakiwa nyumbani, katika chama cha ushirika, na katika serikali.

Hata hivyo, yako mambo ya kujihadhari. Mwalimu asichague waimbaji wazuri peke yao na kuwaacha wengine wakitazama. Mchezo ni wa shule, si wa watoto kumi. Asiwadai wazazi fedha za mavazi ya kung'aa, ilhali majani ya mgomba na nguo kuukuu zatosha. Asitie midomoni mwa watoto maneno makubwa wasiyoyajua, bali awaulize wao wenyewe yanayowasumbua. Asile saa za masomo mengine, wala asisahau kwamba nyumbani kuna kahawa, chai na mifugo. Na asiwafundishe watoto kupenda kikombe kuliko wimbo. Tangu mwaka 2019, mtaala mpya ulipoingia katika shule za Kenya, sanaa na muziki zimepewa nafasi katika masomo ya watoto. Hilo ni jema. Lakini somo lililoandikwa katika karatasi halitoshi, kama hakuna mwalimu aliye tayari kwenda kuketi juu ya gunia kiwandani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Si lazima wajue kuimba. Yatosha waje, hata wakichelewa, hata wakiwa na madoa ya shamba. Mtoto akiangalia katikati ya watu na kuuona uso wa baba yake au wa nyanya yake, kazi ya miezi miwili imelipwa.

Mwaka uliofuata kijana yule aliingia darasa la nane, mwaka wa mtihani, na walimu wengine walifikiri kwamba baba atamzuia. Muhula wa pili ulipoanza, baba alifika shuleni asubuhi na mapema, kabla ya kwenda shambani. Mkononi alikuwa na ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vizuri na kunyolewa. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu, na ngoma ya shule ilikuwa imepigwa sana kabla mwenyewe hajajifunza kunyamaza. Baba aliiweka ngozi mezani, akamwambia mwalimu kwamba ile ya zamani ameiona imelegea. Kisha akaaga, akaenda kuchuma kahawa.